Sifa ya Mtoto Mkubwa

Kwetu Tanga mtoto akizaliwa, watu wakishauliza kama ni mume au mke, swali linalofuata ni kilo ngapi. Akiwa na mbili na nusu huambiwa Mungu amkuze, basi. Akivuka nne vigelegele huongezeka, na mama yake husifiwa kwamba alikula akashiba, mumewe hakumpunja, na damu yake ni njema. Mama yangu alisifiwa hivyo kwa miaka mingi. Mimi, mzaliwa wake wa kwanza, nilikuwa wa kilo tatu na kitu. Aliyenifuata alivuka nne. Wa tatu alikuwa mkubwa zaidi: kichwa kilitoka, mabega yakakwama, na mkunga aliyemtoa aliyaokoa maisha yake, lakini mkono wake wa kulia haukupata kunyooka sawasawa. Mpaka leo akivaa shati huanza na mkono huo, akiuingiza kwa msaada wa ule mwingine. Wa nne alikuwa wa kike. Aliacha kucheza tumboni mwezi wa tisa ukiwa umeshaingia, akazaliwa amekufa, na wanawake waliomwosha walisema hawajapata kuona kichanga aliyenona vile.

Kifo kile kilipewa maelezo pale nyumbani. Mama alikuwa na wifi yake aliyekuja kumjulia hali siku za mwisho, akalisifia tumbo bila kutamka mashallah. Hilo likatosha. Mama hakugombana naye. Aliacha tu kwenda kwake, na sisi watoto tukaacha kutumwa huko. Nilipokuwa kidato cha tatu, mama alichomwa na mwiba mguuni akitoka shamba, kidonda kikakataa kupona, na hospitali walipompima wakakuta ana kisukari, tena cha muda mrefu. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Kidonda kilikuwa cha mguu na msiba ulikuwa wa uzazi, na katikati yake ilikuwa imepita miaka.

Aliyeyaunganisha ni nesi wa kliniki ya wajawazito, siku nilipokwenda na mimba yangu ya kwanza. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Alinipima uzito na presha, akachovya kijiti kwenye mkojo, akaandika kwenye kadi kwamba hakuna sukari wala protini. Halafu badala ya kuita mwingine, akaniuliza kama mama yangu mzazi ana kisukari. Nikasema anacho. Akauliza alizaa watoto wa kilo ngapi. Nikamtajia. Akauliza kama kuna aliyezaliwa mfu. Niliposema yupo, akaweka kalamu chini.

"Mimba yako ikifika wiki ya ishirini na sita, mama, uje asubuhi hujala kitu. Hata chai usinywe."

Nikamwambia mkojo wangu si hauna sukari, ameandika mwenyewe. Akanieleza kwa upole kwamba mkojo wa mjamzito si wa kuutegemea kwa jambo hili. Figo za mwanamke mwenye mimba huachia sukari kirahisi, kwa hiyo mzima anaweza kuonekana mgonjwa, na mgonjwa wa kweli akachovya kijiti kikatoka safi. Kinachosema kweli ni damu. Hili nalirudia kwa kila mjamzito ninayekaa naye, maana wengi wetu tunatoka kliniki tukiamini tumepimwa kisukari kumbe kilichopimwa ni mkojo.

Sikuwa na dalili yoyote. Sikusikia kiu ya ajabu, sikukonda, macho yalikuwa mazima. Kwenda haja ndogo mara kwa mara nilikwenda, lakini nani mwenye mimba haendi? Ndivyo kisukari cha mimba kilivyo kwa walio wengi: kimya kabisa. Anayesubiri kuumwa ndipo apime atasubiri mpaka leba.

Kipimo chenyewe ni hivi. Wanatoa damu ukiwa na njaa, wanakupa gramu 75 za glukosi iliyokorogwa kwenye maji, unakunywa yote, kisha unakaa. Wanapima tena baada ya saa moja, na mara ya tatu baada ya saa mbili. Utamu wake unakera kooni, na dada aliyekaa nami kwenye benchi alitapika akaambiwa arudi siku nyingine. Kwa vigezo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivipitisha mwaka 2013, sukari ya asubuhi ikifika 5.1, au ya saa moja ikafika 10.0, au ya saa mbili ikafika 8.5, moja tu kati ya hizo inatosha kukuita mgonjwa. Yangu ya asubuhi ilikuwa 5.4 na ya mwisho 9.1. Kwa mtu asiye na mimba, namba kama hizo zisingetosha kumwita mgonjwa wa kisukari. Nilidhani ni jambo dogo.

Daktari alichukua karatasi ya majibu akaigeuza, akachora duara kubwa na duara dogo, na mstari katikati. Duara kubwa ni mimi, dogo ni mtoto, mstari ni kondo. Sukari ya mama, akasema, huvuka mstari huu bila kizuizi. Insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo mtoto anapokea sukari yote iliyozidi, bila dawa yake. Kongosho lake dogo, ambalo huanza kutengeneza insulini tangu miezi ya mwanzo ya mimba, linalazimika kujitetea lenyewe kwa kuimwaga insulini kwa wingi. Na insulini kwa mtoto wa tumboni ni homoni ya kukuza mwili. Ndiyo inayomnenepesha, hasa mabegani na tumboni, kuliko kichwani. Alipofika hapo nilimkumbuka mdogo wangu, kichwa kimeshatoka, mabega yamekataa.

Nilimuuliza kwa nini mimi, ambaye sukari sikuwa mpenzi wake sana. Akasema chanzo ni kondo lenyewe. Mimba inavyokua, kondo hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama, na hilo lina sababu njema: chakula kibaki kwenye damu muda wa kutosha mtoto apate fungu lake. Kwa wanawake wengi kongosho huongeza kazi likamudu. Kwa yule ambaye kongosho lake limeshafika ukomo, kwa urithi, au uzito, au umri, sukari hupanda. Ndiyo maana huonekana nusu ya pili ya mimba, kondo likishakuwa kubwa. Hakunilaumu kwa maandazi niliyokula, na ninamshukuru hadi leo, kwa sababu lawama ndiyo inayowafanya wanawake waufiche ugonjwa huu hata kwa waume zao.

Baadaye nilisoma kwamba maelezo yale yana mwenyewe, daktari wa Denmaki aitwaye Jørgen Pedersen, aliyeyaeleza miaka ya 1950 akiwa Copenhagen. Nikasoma pia habari iliyoniliza. Mwaka 1824, huko Berlin, daktari kijana aitwaye Bennewitz aliandika kuhusu mwanamke aliyekuwa na mimba ya tano, mwenye kiu isiyokatika na mkojo wenye sukari. Mtoto alikuwa wa ratili 12, akafia katika kuzaliwa. Daktari aliandika akistaajabia ukubwa na afya ya umbo lake. Nikawaona wale wanawake waliomwosha dada yangu, wanasema maneno yaleyale, katika mji mwingine, karne nyingine.

Kazi ilianza jikoni. Dhana ya kwamba mjamzito anakula kwa ajili ya watu wawili ilibidi niiweke kando, na haikuwa rahisi, kwa kuwa haikuwa dhana yangu peke yangu. Mama mkwe alikuwa ameshaniletea samli, na bokoboko alinipikia kwa mkono wake. Mshauri wa lishe hakunikataza chakula chochote cha kwetu. Alibadilisha vipimo. Ugali uwe wa dona, ukubwa wa ngumi yangu, si ya mume wangu. Nusu ya sahani ijae matembele au mchicha au kisamvu, na robo iliyobaki iwe dagaa, samaki, maharage au choroko. Muhogo mmoja wa kuchemsha, chai isiyo na chochote. Chungwa zima la Muheza, ndiyo, pamoja na nyama zake. Juisi ya machungwa manne, hapana. Uji wa lishe ambao kila mtu huusifu, ule wenye nafaka tano na sukari juu, ulipandisha sukari yangu kuliko wali. Hilo sikuambiwa na mtu, nililiona kwenye mashine ya kupimia sukari.

Mashine ndiyo ilikuwa mwalimu. Unatoboa kidole asubuhi kabla ya kula, na tena saa moja baada ya kila mlo. Asubuhi isizidi 5.3, baada ya mlo isizidi 7.8. Ukila chapati mbili ukakaa, unaona. Ukila hizohizo ukaenda kuzunguka mtaa kwa robo saa, unaona tofauti. Sijui elimu ya afya inayoingia mtu haraka kuliko hiyo. Tatizo ni stripu. Zinauzwa ghali, zinaisha upesi, na niliwaona wanawake wenzangu wakikata vipimo vya mchana ili zibaki za asubuhi. Wanajua wanachokosa. Wamepiga hesabu ya nauli na ya unga, stripu zimekosa nafasi.

Mwezi wa saba wa mimba ukaangukia Ramadhani. Nilitaka kufunga, angalau siku chache. Daktari alisema kwa hali yangu ni hatari, sukari inaweza kushuka mchana na kupaa usiku kwa futari ya tambi, tende na viazi vya nazi. Niliona aibu kula mbele ya watu. Aliyenitoa aibu ni mama mkwe. Alinikuta nimejifungia chumbani na kiporo changu, akasema, "Mungu ameshakuruhusu, mwanangu, wewe ndiye unamkatalia? Kula, utalipa." Tangu siku hiyo akawa yeye ndiye anayenipimia ugali, na ole wake mgeni atakayeniwekea soda.

Wanawake wengi hutosheka na chakula na mazoezi. Mimi sukari ya asubuhi iligoma kushuka, ikabidi nichome insulini usiku. Niliogopa sana sindano hiyo itamdhuru mtoto, mpaka nilipokumbuka ule mchoro: insulini haivuki mstari. Kliniki nilikutana na mama mmoja wa upande wa Pangani, nyumbani kwao hakuna umeme, chupa yake ya insulini anaihifadhi katika mtungi mdogo uliochimbiwa kwenye mchanga anaoulowesha asubuhi na jioni. Alikuja na kidaftari chenye namba zake zote, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtoto wake wa darasa la tano. Sukari yake ilitulia kuliko yangu. Nikipata kusikia mtu anasema wanawake wa vijijini hawawezi kumudu tiba hii, namkumbuka yeye.

Nilijifungua kwa kuanzishiwa uchungu, wiki ya thelathini na tisa haijatimia. Kilo tatu na gramu mia tatu. Hakuna aliyepiga kigelegele cha ziada, na mimi nililia kwa furaha ya namba hiyo. Kisha nikashangaa: nesi akamtoboa kisigino. Kipimo kikasoma 2.0. Kwa kichanga wanataka isipungue 2.6. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukoma papo hapo, lakini insulini aliyozoea kuitengeneza mtoto bado inaendelea kufanya kazi, na sukari yake inashuka. Ikishuka sana anaweza kutetemeka, kulegea, hata kupata degedege na kuumia ubongo. Nilimweka titi saa ile ile, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano ambayo bibi zetu wengine waliyakamua wakayamwaga. Alinyonya. Wakampima tena, ikapanda. Wakaendelea kumpima siku nzima mpaka wakaridhika.

Kitanda cha pili alilazwa binti aliyepasuliwa usiku baada ya kuletwa kutoka zahanati uchungu ukiwa umekwama. Mtoto wake alikuwa wa kilo nne na gramu mia sita, na simu ya binti huyo haikukoma kuita, watu wanampongeza. Yeye mwenyewe mtoto hakuwa naye. Alikuwa wodi ya watoto wachanga anapumua kwa kasi, mbavu zinabonyea, kwa kuwa insulini nyingi huchelewesha mapafu kukomaa hata kama mwili ni mkubwa. Binti alikuwa anarudia kuuliza, "Mbona mtoto ni mkubwa, anaumwaje?" Hakupata kupimwa damu mimba nzima. Si kila mtoto mkubwa ana mama mwenye kisukari. Wapo waliorithi maumbo ya baba zao. Lakini kilo nne na zaidi ni habari inayotaka kusomwa, na pale kila aliyepiga simu aliisoma kama sifa.

Kesho yake sukari yangu ilikuwa ya kawaida. Insulini ikasimamishwa. Ndugu wote waliniambia ugonjwa umetoka na kondo, nishukuru, nile. Kwa siku arobaini nilikandwa kwa maji ya moto, nikanywa uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji, na kila asubuhi mtu anauliza mtoto kalalaje. Walikuwa na haki ya kufurahi, na walichosema kilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni hii: mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana hatari inayokaribia mara kumi ya kupata kisukari cha kudumu, ukimlinganisha na mwenzake ambaye mimba yake ilikuwa na sukari ya kawaida. Hivyo ndivyo ulivyoonyesha uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020. Mimba inakuwa imelipima kongosho lake kabla ya wakati na kutoa majibu. Anayeyapata majibu hayo akiwa na miaka ishirini na saba ana nafasi ambayo mama yangu hakuipata. Wanawake wa aina yetu, ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, waliofuatiliwa katika utafiti mkubwa wa Marekani waliikata hatari hiyo kwa karibu nusu, wengine kwa chakula, mazoezi na kupunguza uzito, wengine kwa vidonge vya metformin. Kunyonyesha nako kunasaidia.

Lakini nani atamwambia? Mtoto anatoka hospitali na kadi yake. Wiki ya sita anarudi kwa chanjo, wiki ya kumi, wiki ya kumi na nne, halafu kila mwezi mizani. Mama anambeba, anapanga foleni, anamvua nguo, anamshika mguu achomwe. Kadi yake mwenyewe ya ujauzito iko kabatini chini ya kanga. Wiki ile ya sita ndiyo hasa wataalamu wanayoitaja kwamba apimwe tena, kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, na baada ya hapo apimwe mara kwa mara maisha yake yote. Nilipokwenda kumchanjisha binti yangu nikaomba nipimwe sukari, nesi wa zamu, mwingine kabisa, aliniuliza kama ninajisikia vibaya. Nilisema sijisikii vibaya. Ilinibidi nieleze kuanzia mwanzo. Alinisikiliza, nakiri hilo, na kipimo nilikipata, ingawa siku nyingine na dirisha lingine. Kilikuwa kizuri. Miaka mitatu baadaye sukari ya asubuhi ilisoma 6.3, bado si kisukari lakini imeondoka kwenye kawaida, na tangu hapo jioni nikitoka shuleni ninapofundisha natembea kwa miguu mpaka Raskazone na kurudi.

Mama nilimweleza yote mtoto alipokuwa anaanza kukaa. Nilimchorea zile duara mbili. Alitazama muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo yule mwanangu hakuharibiwa na mtu?" Nikasema siwezi kuapa, hakuna aliyempima siku zile, lakini watoto wanaoongezeka ukubwa, mmoja kukwama mabega, mwingine kufia tumboni mimba imekomaa, kisha mama akaonekana na kisukari, hiyo ndiyo njia ambayo ugonjwa huu hupita. Akauliza kama wifi yake bado anakaa nyumba ileile. Anakaa. Wiki hiyo akaomba nauli. Sikwenda naye na sikumuuliza walizungumza nini, ila Idi iliyofuata shangazi alikuja kwetu na sinia la vitumbua, na mama akala kimoja.

Hesabu ya shangazi huyo na mama haimo katika ripoti yoyote ya afya. Mimi naihesabu. Ugonjwa usiojulikana jina hutafutiwa mtu wa kuubeba, na mara nyingi huwa mwanamke mwingine.

Wadogo zangu wawili nimewasukuma wapime, kwa sababu mtoto aliyekulia katika sukari nyingi tumboni naye huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kunenepa na kupata kisukari ukubwani. Binti yangu nitamwambia akifika umri. Na kwa wenye kupanga huduma za kliniki, ombi langu halihitaji jengo jipya wala foleni mpya. Siku ya chanjo ya wiki ya sita mama aliyekuwa na kisukari cha mimba aje na njaa, anywe glukosi mtoto akiwa kwenye mizani, na muda ule wa kusubiri ambao ataukaa benchini kwa vyovyote uwe wa kipimo chake. Kwenye kadi ya mtoto, ile isiyopotea, iandikwe tarehe ya kipimo cha mama.

Binti wa mama mdogo, Muheza, alifanya hivyo kwa kujitegemea. Alinunua pakiti ya glukosi duka la dawa, akaenda nayo siku ya chanjo hajala, akamwomba nesi wa zahanati yao ampime kabla na baada ya kunywa. Walimpima. Majibu yalikuwa juu, akapewa rufaa, hospitali ikathibitisha. Ameanza dawa akiwa na miaka ishirini na tisa, mtoto bado ananyonya, na mumewe ndiye anayemkumbusha saa ya kumeza.